Tiger Moth ya Kanada: tathmini ya seti ya kubadilishia, skeli ya 1/48

Nianze na hukumu kwa wenye haraka: seti hii ya vipande vya kugeuza modeli ya Tiger Moth, ndege ya mafunzo ya Uingereza, kuwa ya Kanada, inunueni kwa ajili ya kioo. Vipande vingine vilivyomo kwenye boksi, mtu mwenye mkono mzuri anaweza kuvichonga mwenyewe au kuvirekebisha. Lakini kile kifuniko kirefu cha kioo, kinachofunika viti viwili kimoja mbele ya kingine, ndicho kinachoifanya Tiger Moth iwe ya Kanada. Bila hicho unabaki na Tiger Moth ya Uingereza iliyopakwa njano, na anayezijua ndege hizi ataliona hilo akiwa bado mlangoni.

Tiger Moth inayojulikana na wengi ni ile ya wazi. Iliruka mara ya kwanza tarehe 26 Oktoba 1931, na ndiyo iliyowafundisha marubani wa Uingereza hatua za mwanzo kabla ya Vita vya Pili vya Dunia na wakati wa vita vyenyewe. Mabawa mawili kila upande, moja juu ya jingine, yamevalishwa kitambaa. Mkufunzi kiti cha mbele, mwanafunzi kiti cha nyuma, vichwa vyote viwili vimetokeza kwenye upepo. Mkufunzi akitaka kusema neno, anasemea kwenye bomba linaloishia masikioni mwa mwanafunzi. Sasa ichukue ndege hiyo uipeleke Manitoba au Saskatchewan mwezi wa Januari, kwenye baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri, uone kama kuna mtu atakayefundishika.

Kanada ililazimika kulijibu swali hilo, kwa sababu mpango mkubwa wa mafunzo ya anga wa Jumuiya ya Madola, uliotiwa saini Ottawa tarehe 17 Desemba 1939, uliendeshwa katika ardhi yake. Hadi unafungwa mwaka 1945, watu 131,553 walikuwa wamehitimu: marubani, waongoza njia, waendesha redio, walenga mabomu, wapiga bunduki. Shule za hatua ya kwanza zilihitaji ndege nyepesi kwa wingi, na kiwanda cha de Havilland cha Downsview, Toronto, kikatoa toleo lake, DH.82C. Kikaweka kioo cha kutelezesha juu ya marubani, kikaingiza joto ndani, kikafunga breki, kikaondoa kile kijiti cha kuburuza mkiani na kuweka gurudumu, nguzo za katikati ya mabawa zikawa za chuma badala ya mbao. Magurudumu yenyewe yaliweza kutolewa na mahali pake pakafungwa ski za theluji. Injini ni Gipsy Major ya nguvu za farasi 145, wakati DH.82A ya Uingereza ilikuwa na 130. Zilitengenezwa zaidi ya 1,500.

Nimeeleza kirefu kwa sababu kila badiliko nililolitaja ni kipande cha kuchonga, kukata au kubandika. Mtu anayeinunua seti hii bila kujua ni kwa nini ndege ilibadilishwa atabandika vipande kwa kufuata namba, asijue kipi kimekosewa. Na vilivyokosewa vipo.

Msingi wa kazi ni seti ya plastiki ya Airfix ya skeli ya 1/48, yaani ndogo mara 48 kuliko ndege halisi, DH.82A. Ni msingi mzuri na ningewashauri hata wale wasiotaka kubadilisha kitu wauchukue. Kwa skeli hiyo ndege inatoka na urefu wa sentimita 15 hivi, na upana wa mabawa kama sentimita 18.6, yaani kubwa vya kutosha kuonyesha kazi ya mikono na ndogo vya kutosha kukaa kwenye rafu ya vitabu. Juu yake inakuja seti ya kubadilishia, kazi ya karakana ndogo: boneti ya injini ya rezini (plastiki ya kumiminwa kwenye kalibu), mgongo wa rezini wenye reli za kioo, miguu miwili, magurudumu, gurudumu la mkia, dashibodi iliyochapwa, karatasi ya stika za maji, maelekezo ya kurasa mbili, na vifuniko viwili vya kioo. Viwili, ndiyo. Karakana imejua kwamba kukata kioo cha namna hii kuna hatari yake, ikampa mnunuzi cha akiba. Kwangu mimi hiyo ni heshima kwa mteja, na nimeiweka kwenye hesabu.

Kwa riziki yangu mimi ni fundi wa kushona, na ndege za kitambaa ndizo zilizonivuta kwenye kazi hii ya modeli. Kwa hiyo nitaanza na kitambaa, ingawa wengi hukiruka.

Bawa la ndege ya aina hii linajengwa kwa mbavu za mbao. Kitambaa kinatandikwa juu yake, kinashonwa kwa uzi uliopakwa nta unaozunguka kila ubavu, juu na chini, fundo kwa fundo. Kisha juu ya kila mshono unabandikwa utepe wa kitambaa kilekile ili uzi usiguswe na upepo wala maji. Mwisho linapakwa vanishi maalumu inayokikaza kitambaa kadiri inavyokauka, mpaka ukikigonga kwa kidole kinalia kama ngoma. Huo ndio ukweli wa kitu chenyewe: kimekazwa. Kati ya ubavu na ubavu kinabonyea kidogo sana, na kwa skeli ya 1/48 mbonyeo huo unakaribia kutoonekana. Kinachotakiwa kuonekana ni utepe, mstari mwembamba ulioinuka kidogo juu ya kila ubavu. Airfix wamelichonga hilo kwa adabu. Nilipitisha kidole juu ya bawa kabla ya kulikata kwenye fremu nikajua limechongwa na mtu aliyewahi kuangalia bawa la kweli kwa karibu. Msilisugue kwa msasa mzito. Mstari wa kiungo mbele ya bawa unaondoka kwa kisu kikikwanguliwa kwa ubavu wake, na utepe unabaki salama.

Seti ya kubadilishia haikuwa na adabu hiyo. Mgongo wa rezini, ule unaokaa nyuma ya kiti cha mwanafunzi na kushuka kuelekea mkiani, umechongwa na mikunjo na mistari ya kitambaa kilicholegea. Makosa ni mawili kwa pamoja. La kwanza, hakuna kitambaa cha ndege kinacholegea hivyo, labda iwe imeachwa mvuani miaka. La pili ni kubwa zaidi: mgongo wa DH.82A, mzazi wa ndege hii, haukuvalishwa kitambaa, ulifunikwa kwa plaiwudi. Unatakiwa uwe laini kabisa, na plastiki ya Airfix yenyewe imelaza sehemu hiyo bila mikunjo. Yaani ukibandika kipande kipya unaondoa kilicho sahihi na kuweka kilichokosewa. Dawa yake ni puti nyembamba juu ya mgongo mzima, ikauke usiku kucha, kisha msasa wa maji namba 400, halafu 800, halafu 1000, mpaka kidole kisisikie kitu. Vaeni barakoa. Vumbi la rezini haliondoki mapafuni, na msasa wa maji unapunguza tu, hauzuii.

Reli za kioo zilizoko juu ya kipande hichohicho ni safi, nazo ndizo zilizonifanya nisikitupe.

Sasa kioo chenyewe. Kimetengenezwa kwa plastiki nyembamba iliyopashwa joto na kuvutwa kwa hewa juu ya kalibu, kwa hiyo ni chembamba kweli, si kama vile vioo vinene vya kumiminwa vinavyopindisha kila kilicho ndani. Fremu zake zimetokeza kwa ukali unaotosha kuongoza kisu. Nilikiweka mbele ya taa nikakizungusha: hakuna mawimbi, hakuna mapovu, hakuna ukungu kwenye kona, mahali ambapo plastiki ya kuvutwa hupenda kuharibika. Sijawahi kushika kioo kizuri kama hiki kutoka karakana ndogo.

Kukikata ndiko kunakohitaji subira. Kwanza nilikijaza plastisini ndani, nikaishindilia taratibu mpaka kona zote zikajaa, ili plastiki isikunjike chini ya kisu. Kisha wembe mpya, kabisa, haujagusa kitu kingine. Usikate. Pitisha ncha juu ya mstari kwa uzito wa wembe wenyewe, tena na tena, mpaka ukiona plastiki inabadilika kuwa nyeupe kando ya mstari. Hapo karibu imekatika, na ukikibonyeza kidogo kinaachia chenyewe. Kingo nilizinyoosha kwa kukisugua kioo kizima juu ya karatasi ya msasa iliyobandikwa kwenye kipande cha kioo cha dirisha, kwa mizunguko midogo. Mwisho nilikichovya kwenye vanishi ya kung'aa ya Tamiya, X-22, iliyochanganywa na kiyeyushi chake, nikakiegemeza juu ya karatasi ya jikoni chini ya bakuli ili vumbi lisitue. Kilipotoka kilikuwa na ung'avu ambao picha haiwezi kuuonyesha.

Maelekezo yanakutaka ukibandike kioo kikiwa kimefungwa, kipande kimoja. Nawasihi msifanye hivyo. Kioo cha ndege hii kilikuwa cha kutelezesha, na hiyo ndiyo sehemu ya kuipenda. Nilikitenganisha kwenye mistari ya fremu, nikaacha cha mkufunzi kimefungwa na cha mwanafunzi kimefunguliwa. Mara moja ndege ikapata maana. Mtu anaona kiti, mikanda, fimbo ya kuongozea, na anaelewa bila kuambiwa kwamba pale nyuma ndipo kijana alipokaa, na kwamba hata siku ya kuruka peke yake alikaa palepale nyuma, kiti cha mbele kikiwa kitupu. Tiger Moth huongozwa na mtu mmoja kutoka kiti cha nyuma. Kwa hiyo kama mtamweka rubani mmoja tu ndani, mwekeni nyuma. Picha ya kwenye boksi la seti hii imemweka mbele, na inaniumiza kila nikiiona, kwa sababu siku ile ya kuruka peke yako ndiyo siku ambayo shule nzima ilijengwa kwa ajili yake.

Fremu za kioo zipakwe kwanza rangi ya ndani ya chumba, kisha njano juu yake. Ukiangalia kupitia kioo utaona upande wa ndani wa fremu una rangi ya ndani, kama inavyotakiwa. Kubandika, tumieni gundi nyeupe ya mbao. Supaglu hutoa mvuke unaotia ukungu mweupe kwenye plastiki safi, na ukishaingia ndani ya kifuniko hautoki tena.

Miguu. DH.82A ya kawaida haikuwa na breki, ndiyo maana ilitua na kukimbia juu ya majani bila shida. Kanada walipofunga breki, hatari mpya ikaja: rubani mgeni akizikanyaga kwa nguvu, ndege inalala kifudifudi kwa pua. Kwa hiyo magurudumu yalisogezwa mbele zaidi, na miguu ikainamishwa kuelekea kwenye pua. Ni badiliko la umbali mdogo, lakini ndilo linaloipa DH.82C kile kisimamo chake cha kujikita mbele. Seti inatoa miguu yenye mwelekeo sahihi, ila ni ya rezini tupu, haina waya ndani. Rezini chini ya mzigo hujipinda polepole, na joto likizidi hujipinda haraka. Modeli itasimama vizuri leo, na baada ya muda itakuwa imepiga magoti. Niliitumia miguu ile kama kipimo tu: nikaipiga picha kwa ubavu, nikachukua pembe yake, kisha nikakunja miguu mipya kwa fimbo ya shaba ya milimita 0.8 na kuijaza unene kwa puti. Karakana ingeweka waya wa shaba ndani ya kalibu kabla ya kumimina, tatizo hili lisingekuwepo. Magurudumu na gurudumu la mkia ni mazuri, sina neno.

Boneti ni nzuri pia, lakini hapa lazima niwape tahadhari kuhusu karatasi ya stika. Inakuja na namba za ndege tatu, na maelekezo yanasema ya tatu ni Menasco Moth, kana kwamba tofauti ni namba tu. Si kweli. Wakanada waliogopa kwamba injini za Gipsy kutoka Uingereza zingechelewa au kukosekana, wakachukua injini ya Kimarekani, Menasco Pirate ya nguvu za farasi 125, na wakajenga ndege 136 zenye injini hiyo. Injini ile inazunguka upande wa pili. Kwa hiyo propela yake imepindwa kinyume, na matundu ya kwenye pua yamehamia upande wa pili. Ukipachika namba ya Menasco juu ya boneti iliyomo kwenye boksi, unakuwa umetengeneza ndege ambayo haikuwahi kuwepo. Chagueni mojawapo ya zile mbili za kwanza. Anayeitaka Menasco kwa dhati atalazimika kuchonga pua na propela mwenyewe, kazi ya kupendeza kwa mwenye moyo, lakini isiuzwe kana kwamba ipo ndani ya boksi.

Dashibodi iliyochapwa inatosha. Chini ya kioo, hata kikiwa wazi, utaiona kwa kuinama.

Nifike kwenye njano, na hapa nitakaa.

Ndege za mafunzo za Uingereza wakati wa vita zilipakwa njano chini tu. Juu zilikuwa kijani na kahawia za kujificha, kwa sababu adui alikuwa karibu. Kanada hakukuwa na adui wa kujificha naye. Kulikuwa na anga lililojaa wanafunzi, na hatari kubwa ilikuwa kugongana, au kuanguka kwenye theluji na kutoonekana. Kwa hiyo walipaka njano kila mahali, juu, chini, ubavuni, mpaka nguzo. Ndege nzima ni rangi moja, na rangi ikiwa moja hakuna mahali pa kuficha kosa lolote. Kila mkwaruzo, kila kiungo, kila tone lililotiririka linasimama peke yake.

Njano nayo ni rangi dhaifu. Haifuniki, inaruhusu kilicho chini yake kupenya. Plastiki ya Airfix ni ya kijivu hafifu, na njano juu ya kijivu inaelekea kijani, ile njano ya ugonjwa. Rezini ya seti hii ni ya rangi ya krimu, kwa hiyo boneti na mgongo vitatoka na njano tofauti na mabawa. Puti ni nyeupe, hiyo ni njano ya tatu. Mtu akiona viraka anaongeza rangi, anaongeza tena, mpaka ule utepe mzuri wa mbavu unazama chini ya rangi nene. Nimeona modeli nyingi nzuri zikizikwa hivyo.

Siri iko kwenye praima, rangi ya kwanza inayotangulia njano. Nyeupe inasaidia, lakini njano juu ya nyeupe inatoka baridi, kama inataka kuwa limau. Njano ya ndege hizi ilikuwa na joto, imeegemea kidogo kwenye chungwa. Praima ya kutumia ni ya pinki. Tamiya wanayo ya kopo la kupuliza, na ni miongoni mwa bidhaa bora nilizowahi kutumia: inashika plastiki na rezini sawasawa, haizibi michoro midogo, na njano ikitua juu yake inapata uhai papo hapo, kwenye mkono wa pili tu. Watu huogopa wakiona ndege yao imekuwa ya pinki. Msiogope.

Kwa njano yenyewe nilitumia XF-3 ya Tamiya na matone machache ya nyekundu XF-7, nikayeyusha mpaka iwe nyepesi kama maziwa, nikapuliza kwa brashi ya hewa kwa presha ndogo. Mikono myembamba, kila mmoja ukauke kabla ya mwingine. Anzeni na mahali pagumu: maungio ya mabawa na kiwiliwili, chini ya mkia, nyuma ya miguu. Hapo rangi hukosa, na ukianza na sehemu pana utajikuta unazirudia mara nyingi kwa ajili ya kuzifikia hizi kona. Changanyeni rangi ya kutosha kazi nzima kwenye chupa moja tangu mwanzo, kwa sababu mchanganyiko wa pili haufanani na wa kwanza hata upime vipi. Nililijua hili kutoka kwenye nguo: kitambaa cha rangi moja kikitoka kwenye majora mawili, mshono utakuonyesha.

Kivuli kwenye njano kisiwe cheusi. Wino mweusi kwenye mistari unaifanya ionekane chafu, si ya zamani. Tumieni kahawia yenye chungwa ndani yake, nyembamba sana, kandokando ya utepe wa mbavu na kwenye bawaba za usukani, kisha futeni karibu yote. Uchafu wa kweli uwekeni chini ya tumbo. Gipsy Major ni injini iliyopinduliwa, silinda zake zinaangalia chini, na oili yake inaishia tumboni ikivutwa nyuma na upepo. Michirizi michache ya kahawia nyeusi kutoka kwenye boneti kurudi nyuma inatosha. Ndege za shule zilifanya kazi kutwa na mafundi walizifuta kila jioni, kwa hiyo msizichakaze kama zimetoka vitani.

Mabawa ya juu yabandikeni baada ya kupaka rangi na kuweka stika, si kabla. Nguzo za katikati ya mabawa hapa ni za chuma, zipakwe njano kama sehemu nyingine, msizipe rangi ya mbao kama wengine wanavyopenda kwenye modeli za mabawa mawili. Matundu ya nyaya toboeni mapema kwa drili ya mkono ya milimita 0.3, plastiki ikiwa bado tupu. Kwa nyaya zenyewe uzi mwembamba wa kunyumbulika ni bora kuliko uzi wa nailoni, kwa sababu hata modeli ikiguswa, uzi unarudi mahali pake na mabawa hayavutwi. Mchoro wa nyaya kwenye maelekezo ya seti ya kubadilishia ni mdogo mno kusomeka. Fuateni picha za ndege halisi. Eleroni, vile vibawa vidogo vya kuilaza ndege upande, ziko kwenye mabawa ya chini tu, kwa hiyo mkiona waya wowote unakwenda kwenye eleroni ya bawa la juu, huo ni wa kubuni.

Stika zenyewe, ukiacha lile suala la Menasco, zimechapwa vizuri. Nyembamba, wekundu wa lile duara la alama ya jeshi la anga umekaa katikati, namba za tarakimu nne ni nyeusi kweli. Chini ya stika wekeni vanishi ya kung'aa kwanza, la sivyo hewa itabaki kwenye vibonyeo vya kitambaa na kuonyesha ukungu wa fedha. Kisha dawa ya kulainisha stika, zitajilaza juu ya utepe wa mbavu kana kwamba zimepakwa kwa brashi. Nyeupe ya duara inapitisha njano kidogo. Kwa hilo nilipaka duara jeupe chini kabla ya kubandika, na ningeshauri kila mtu afanye hivyo.

Bei yake inakaribia kuizidi seti ya Airfix yenyewe, na hilo litawazuia baadhi. Kwa anayejenga modeli yake ya kwanza ya mabawa mawili nitasema wazi asianze na hii: ajenge kwanza DH.82A kama ilivyo, ajifunze nyaya na kupanga mabawa. Kwa aliyekwishavuka hapo, ichukueni, mtupe miguu, msugue mgongo, na mkae na kile kioo kwa utulivu.

Cha akiba ninacho bado, na nina ndege ya pili kwenye boksi. Hiyo itakuwa ya ski. Seti haina ski, kwa hiyo nazichonga kwa bapa za plastiki za milimita 1, nikipima kutoka kwenye picha za zamani kwa kulinganisha na urefu wa propela. Ncha ya mbele inakunjwa kwenye maji ya moto juu ya penseli, na waya mwembamba unaiunganisha na mwili wa ndege ili ski isining'inie pua chini inapokuwa angani.